Bakuli na taa kwa nazi moja: mwongozo kamili kwa waliochoka kupasukiwa na vifuu

Msimu wa korosho ukianza tu, simu nazo zinaanza. Huyu ana harusi ya dada yake Masasi, yule kahamia chumba kipya Chikongola na kuta ziko tupu, mwingine ana kicheni pati Jumamosi na mfuko umekauka. Wote wamekwisha kujaribu kutengeneza kitu cha kifuu, na wote wanauliza lile lile: "Mbona kimepasuka?"

Nimewatazama watu wakifanya kazi hii kibarazani kwangu hapa Mtwara hadi nimejua wanapoteleza. Msumeno huusingizia bure. Kosa hufanyika kabla hujaushika, siku ya kuchagua nazi, au baada ya kuuweka chini, siku za kukausha. Hatua hizo mbili nimeziandika kwa kirefu, soma hata kama unajiona mjuzi. Nyingine nitapita haraka.

Nazi moja itakupa vitu viwili. Nusu isiyo na macho inakuwa bakuli, kwa sababu haina tundu. Nusu yenye macho inakuwa taa ya kuning'inia, kwa sababu matundu ya waya na kamba Mungu amekwisha kuyapima. Watu wengi hufanya kinyume: wanaziba macho kwa gundi ili wapate bakuli, kisha wanatoboa nusu nzima ili wapate taa. Kazi mara mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vya kununua au kuazima:

- Nazi kavu 2. Moja ya kazi, moja ya akiba.
- Msumeno wa chuma wenye blade ya meno 24 kwa inchi. Msumeno wa mbao una meno makubwa, unang'ata kifuu na kukibandua vipande.
- Msasa namba 80, 120, 240 na 400, karatasi moja moja.
- Drili yenye biti ya milimita 3. Huna? Keke ya fundi seremala wa mtaani inatosha.
- Supa gluu, kichupa kimoja kidogo.
- Kwa ajili ya taa: holda, waya wa umeme mita 2, na balbu ya LED ya wati 3.

Vya nyumbani: kisu butu, kijiko cha chuma, penseli, magazeti ya zamani, kandambili iliyokatika, mafuta ya nazi, kamba ya usumba au katani, kipande cha kanga kuukuu, na ngata. Ngata ni ile ile ya kubebea ndoo kichwani. Utaona kazi yake.

Jipe siku kumi, na zaidi ya hapo mvua zikishaanza. Wa harusi ya keshokutwa anunue sahani tu.

## Hatua ya 1: Chagua nazi, usichukue tu ya juu

Tunda la mnazi lina majina kwa umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, mbata. Kwa mpishi tofauti ya koroma na nazi ni tui. Kwako wewe ni kifuu chenyewe. Cha koroma bado hakijakomaa, kina maji mengi mwilini na rangi yake imefifia. Kikikauka kinajikunja, na ukingo uliokuwa duara unakuwa kama yai.

Unachotaka ni nazi kongwe, ile inayokaribia kuwa mbata. Itikise sikioni. Ikiwa imejaa maji na haitoi sauti, bado. Maji yakichezacheza, inafaa. Ukisikia kitu kizito kinagonga ndani kama jiwe kwenye kopo, hiyo ni mbata: nyama imejibandua yenyewe na umeokoa nusu siku ya kukwangua. Wauza nazi wengi hawaipendi kwa sababu wateja wa tui wanaikataa, kwa hiyo muulize mama wa sokoni kama ana mbata pembeni. Mara nyingi atakupunguzia.

Halafu itazame macho. Yawe makavu. Ukiona ukungu au unyevu kwenye jicho, nazi inavuja na ndani imekwisha kuoza.

Mwisho igonge kwa kijiko kuizunguka yote. Nazi nzima inalia kwa sauti moja, kali. Mahali sauti inapokuwa butu ghafla pana ufa ambao jicho halijauona. Nazi nyingi huangushwa kutoka juu ya mnazi au hurushwa kwenye lori, na ufa huo mwembamba ndio utakaofunguka wiki ijayo wewe ukidhani ni kosa lako.

Umbo nalo lina maana. Iweke mezani na uizungushe. Yenye tumbo la duara inatoa bakuli linalokaa, ndefu kama papai itakusumbua. Zile ndogo za minazi mifupi waachie wapishi, taa yake haitameza balbu.

## Hatua ya 2: Nyoa nyuzi nazi ikiwa bado nzima

Kwangua nyuzi za makumbi zilizobaki kwa kisu butu, kisha pitisha msasa namba 80 hadi uone kifuu cheusi-kahawia. Fanya sasa, kabla ya kukata. Nazi nzima unaishika kwa nguvu bila hofu. Ikishakatwa, ukingo unakuwa mwembamba na kila unapokandamiza unajaribu kuuvunja.

Usizichome nyuzi kwa moto. Najua inapendeza macho, zinashika mara moja na kuisha. Lakini moto unapasha kifuu upande mmoja huku mwingine ukiwa baridi, na masizi yanaingia kwenye vinyweleo hata msasa hauyatoi.

Nyuzi ndefu usitupe. Zinafaa kujaza ndani ya kifurushi cha zawadi.

## Hatua ya 3: Toa maji

Nazi ina macho matatu, mawili magumu na moja laini. Jaribu kwa ncha ya msumari, laini linaingia bila nguvu. Toboa hilo tu, geuza juu ya kikombe, subiri maji yaishe. Ukikata nazi yenye maji, ungaunga wa kifuu unageuka tope, unajaza meno ya msumeno, na msumeno unaanza kuteleza kuelekea kidole chako.

Kama ni mbata, huenda pasitoke tone. Usishangae.

## Hatua ya 4: Chora mstari kwa kuzungusha nazi, siyo penseli

Mkono wa mtu hauwezi kuzunguka nazi na kurudi ulipoanzia. Hivyo fanya hivi. Kalisha nazi juu ya ngata, macho yakitazama chini. Panga vitabu pembeni hadi vifike usawa wa tumbo la nazi, penseli ilale juu ya vitabu na ncha yake iguse kifuu. Shikilia penseli isitikisike, kisha zungusha nazi polepole. Mstari utakutana na mwanzo wake.

Ukitazama vizuri utaona matuta matatu yanayoshuka kutoka machoni kwenda upande wa pili. Mstari wako uyakate yote matatu kwa kukingama. Ukichora kwa kufuata tuta, kutoka jichoni kwenda chini, umechora ufa.

## Hatua ya 5: Kata kwa kuzunguka

Tandika gunia au mkeka nje kivulini, keti chini, weka nazi juu ya ngata tena. Funga kanga mdomoni na puani, kwani unga wa kifuu unawasha koo siku nzima. Usibane nazi katikati ya mapaja. Nimeona suruali ikikatwa, nikashukuru kuwa ilikuwa suruali tu.

Mzunguko wa kwanza unachana mfereji wa kina cha ukucha tu. Sukuma msumeno mara nne au tano mahali pamoja, zungusha nazi kidogo, sukuma tena, hadi mfereji umeizunguka yote. Mzunguko wa pili ongeza kina. Wa tatu au wa nne utahisi mkono umelainika ghafla na unga unaotoka umegeuka kutoka kahawia kuwa mweupe. Umefika kwenye nyama. Simama.

Kwa nini usikate moja kwa moja kama unavyokata bomba? Kwa sababu msumeno ukikaribia upande wa pili, kipande kilichobaki ndicho kinachobeba nguvu zote. Kinavunjika chenyewe, na kinavunjika kwa kufuata tuta. Mfereji wa mzunguko unaugawa mzigo.

Sasa pitisha kisu ndani ya mfereji, kata nyama kuzunguka, kisha gonga kwa kipande cha mti pande zote. Usichomeke bisibisi na kubanua, hata kama imebaki kidogo sana. Palipogoma, rudi na msumeno.

Umefaulu kama nusu mbili zinaachana kwa mlio mmoja mkavu, na ukizirudisha pamoja mwanga haupiti katikati. Mara ya kwanza itakuchukua karibu nusu saa. Mzee mmoja wa Mikindani huwa anamaliza kabla chai yake haijapoa, lakini yeye kazaliwa na msumeno mkononi.

## Hatua ya 6: Toa nyama yote, na ninaposema yote ni yote

Ukiwa na mbata, igeuze tu idondoke. Vinginevyo kuna njia mbili.

Mwenye friji alaze nusu hizo kwenye sehemu ya kugandisha usiku mmoja, asubuhi aziache ziyeyuke, kisha apenyeze kijiko kati ya nyama na kifuu. Nyama hutoka kwa mapande makubwa.

Asiye na friji akae kwenye mbuzi, akune kama kawaida, tui liende kwenye mboga ya kisamvu. Ila acha kukuna kabla meno ya mbuzi hayajagusa kifuu, kwa sababu yanaacha mikwaruzo ya duara ambayo utaisugua kwa msasa hadi jioni. Tabaka la mwisho limalize kwa kijiko.

Baada ya nyama nyeupe inabaki ngozi nyembamba ya kahawia. Hapa ndipo wengi wanapochoka na kusema imetosha. Ngozi ile ina mafuta. Ikibaki, wiki ya pili bakuli litanuka kama mafuta yaliyochacha, na wiki ya tatu litaota ukungu wa kijani. Kwangua, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwangua tena. Pitisha kidole ndani: pakiteleza bado, pakiwa kama ubao mkavu umemaliza.

## Hatua ya 7: Kausha kivulini. Hapa ndipo vifuu vinapokufa

Bakuli langu la kwanza zuri nililianika juu ya bati la banda la kuku, saa nne asubuhi. Nilikuwa ndani nachambua mchele. Saa saba nikasikia "ta!", kama mtu kavunja kijiti. Nikatoka. Ufa ulianzia ukingoni, ukafuata tuta moja hadi kitakoni, umenyooka kama umepigwa rula. Bakuli lilikuwa la shangazi yangu wa Lindi na safari ilikuwa alfajiri ya kesho yake. Nikampelekea sabuni.

Niliporudi nilimwonyesha yule mzee wa Mikindani. Akaligeuza mkononi, akacheka. "Mwanangu, umeanika makopa?"

Muhogo wa makopa unataka jua kali. Kifuu ni kama mbao mbichi. Jua likikipiga, upande wa nje unakauka na kusinyaa, wa ndani bado una unyevu na umegoma kusinyaa. Ganda la nje linavuta, la ndani linashikilia, na kitu kigumu kisichojua kunyumbuka kikivutwa hivyo hupasuka. Nusu ya nazi haina tena nusu yake ya pili ya kuishikilia, ndiyo maana nazi nzima inavumilia juani na kifuu hakivumilii.

Fanya hivi. Futa maji kwa kitambaa. Funga kila nusu kwa gazeti karatasi mbili, bila kubana, ili unyevu utoke kidogo kidogo. Weka chini ya kitanda au juu ya kabati, mahali penye hewa lakini pasipo upepo wa moja kwa moja wala jua la dirishani. Siku ya pili badilisha gazeti, maana la kwanza litakuwa limelowana. Siku ya nne ondoa gazeti kabisa na ugeuze kifuu kila asubuhi.

Miezi ya kusi, Juni hadi Oktoba, siku sita au saba zinatosha. Mvua zikishaanza, kuanzia Desemba hadi Aprili, hesabu siku kumi na mbili, na usikiache barazani usiku. Hewa ya mwambao ina chumvi na umande, asubuhi utakuta umerudi ulikotoka.

Kujua kama kimekauka, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki usio na tundu, ufunge, ulale. Asubuhi ukiona ukungu wa maji ndani ya mfuko, bado. Mfuko ukiwa mkavu, endelea. Usiniulize kama unaweza kuruka jaribio hili. Walioruka ndio wanaonipigia simu.

## Hatua ya 8: Msasa

Anza na ukingo. Laza msasa namba 80 mezani, geuza kifuu kifudifudi juu yake, sugua kwa mizunguko hadi ukingo wote uguse meza. Kisha lainisha kona ya nje na ya ndani ili isikate mdomo wala kidole.

Kwa ndani, kata kipande cha kandambili kikubwa kama kiberiti, kizungushie msasa. Mpira unajikunja kufuata tumbo la kifuu, kitu ambacho ubao hauwezi. Nenda 80, 120, 240, 400, na kabla ya kubadili namba futa unga wote. Chembe moja ya 80 iliyobaki itachora mistari chini ya 400 na utailaumu karatasi.

Unga mwembamba wa kifuu weka kwenye kifuniko cha chupa, utauhitaji sasa hivi. Umemaliza unapopitisha kitambaa chepesi, cha mtandio kwa mfano, na hakinasi popote.

## Hatua ya 9: Kama kuna ufa mdogo

Ufa usiofika ng'ambo unatibika. Jaza unga wa kifuu ndani ya ufa kwa ncha ya kisu, dondoshea tone moja la supa gluu, nyunyiza unga mwingine juu, subiri dakika kumi, sugua kwa 240. Hata wewe utapasahau.

Angalizo: usipanguse supa gluu kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Gundi hiyo ikikutana na pamba inapata joto kali na inaweza kukuunguza. Na kifuu kilichozibwa hivyo kwa ndani kiwe cha funguo na sarafu, si cha chakula.

Ufa uliopita kabisa hadi ng'ambo usihangaike nao. Peleka jikoni, kifuu kinawaka vizuri kuliko kuni.

## Hatua ya 10: Maliza bakuli

Paka mafuta ya nazi kidogo sana kwa kitambaa, ndani na nje, acha usiku mzima, asubuhi futa hadi kitambaa kitoke kikavu. Rudia mara moja. Mafuta ya nazi hayakauki kama rangi, yanakaa tu, kwa hiyo ukiyapaka mengi yatachacha na kunata vumbi. Rangi itabadilika mbele ya macho yako: kile kifuu cha kijivu kama vumbi kinageuka kahawa iliyoiva, na mistari iliyojificha inajitokeza.

Anayetaka ing'ae zaidi anunue nta ya nyuki kwa wauza asali. Sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta, uyeyushe ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, siyo juu ya moto wenyewe. Paka ikiwa ya vuguvugu, futa.

Mambo mawili usiyafanye. Usipake vanishi bakuli la chakula. Na usijaribu mafuta ya maganda ya korosho, wazo ambalo kila mwaka lazima mtu mmoja wa huku kwetu alipate, maana ni meusi, yananata, na tunayo mengi. Waliowahi kubangua korosho kwa mikono wanajua yanavyobabua ngozi. Kwa sababu hiyo hiyo usibandike korosho ghafi zenye maganda kama pambo la ukingoni.

Kwa kitako, usigundishe chochote. Suka ngata ndogo ya ukindu au kamba ya usumba, upana wa kiganja, bakuli likae juu yake. Inalishika, inaonekana ya kwetu, na ikichafuka unasuka nyingine.

## Hatua ya 11: Tengeneza taa

Chukua nusu yenye macho, iliyokaushwa na kusuguliwa. Itaning'inia mdomo ukitazama chini.

Panua jicho laini hadi waya upite bila kubanwa. Toboa macho mawili magumu kwa biti ya milimita 3. Kamba moja ya usumba inatoka nje kwa jicho gumu la kwanza na kurudi ndani kwa la pili, ikifungwa fundo kwa ndani kila upande, ikiacha kitanzi juu. Kitanzi hicho ndicho kitakachobeba uzito kwenye ndoano ya dari. Waya usibebe kitu, uwe umelegea kidogo pembeni ya kamba.

Sasa matundu ya mwanga. Chora kwanza kwa penseli. Mimi huchora pembe pembe zinazofuatana kama chale za nyuso za mabibi wa Kimakonde wa Newala, kwa sababu mstari wa pembe unasamehe mkono unaotetemeka, duara halisamehi. Kati ya tundu na tundu acha sentimita moja, na kutoka ukingoni sentimita moja na nusu. Karibu zaidi ya hapo, ufa unaruka kutoka tundu hadi tundu kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Jaza kifuu mchanga mbichi, kilalie juu ya kitambaa, toboa kutoka nje. Mchanga unashikilia ndani ili biti isitoke na kipande. Usisukume drili, iache ijichimbie. Mwenye keke naye asikandamize. Ukinusa moshi, biti imechoka, pumzika.

Paka nje mafuta na nta, au vanishi kama ni taa ya barazani. Ndani acha kama kulivyo.

Kuhusu umeme nitasema machache. Zima swichi kuu. Unga waya kwenye holda kama unajua, kama hujui mwite fundi umeme, kazi yake ni ya dakika kumi. Tumia LED ya wati 3 tu. Balbu ya zamani ya waya inapata joto la kuunguza, na ndani ya kifuu joto halina pa kwenda. Ukiwa kijijini na sola, balbu ndogo ya sola inafanya kazi hiyo hiyo na ni salama zaidi.

Usiweke mshumaa. Nimesema juu kwamba kifuu kinawaka kuliko kuni. Ukikipaka mafuta, ukakining'iniza na kukitia moto, umewasha jiko juu ya kichwa cha mgeni.

Washa usiku, zima taa nyingine. Ukiona pembe zako zimetua ukutani kwa mistari safi, umefaulu. Zikiwa na ukungu, kuna nyuzi zimebaki ndani ya matundu, zitoe kwa sindano.

## Hatua ya 12: Kufunga kama zawadi

Bakuli ndani ya taa, taa ndani ya nyuzi zile ulizotunza, vyote katikati ya kipande cha kanga. Kutanisha pembe mbili, fundo, pembe nyingine mbili, fundo juu yake. Jina la kanga lielekee nje, na lisome kwanza kabla hujafunga. Jirani yangu alimpelekea bibi harusi zawadi iliyofungwa kwa kanga ya mafumbo, na mafumbo yale yalikuwa yameandikiwa mke mwenza. Bado wanasalimiana, lakini kwa mbali.

Utashawishika kuongeza kauri au vipande vya matumbawe vya kupamba. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma, eneo lililotengwa mwaka 2000, usiokote. Na popote pale usichukue kombe lenye mdudu hai ndani, litanuka hadi harusi iahirishwe. Kipande cha ukindu kilichosukwa kinatosha.

Weka na karatasi ndogo ndani ya kifurushi, kwa mwandiko wako. Mimi huandika hivi:

"Osha kwa mkono, usiloweke. Usitie uji wa moto. Karanga, korosho, matunda makavu, sawa. Ukiona limepauka, paka mafuta ya nazi kidogo, futa. Taa ni ya LED tu. Usianike juani."

Mstari huo wa mwisho naupigia mistari miwili chini.